Tarehe ya Motokari Nyekundu

Jumatatu asubuhi, kabla hata ya chai, Inspekta Agnès Mbuyu alikuwa amepiga magoti kwenye uwanja wa komisaria ya Manika, kichwa ndani ya motokari, miguu nje, na polisi wawili waliokuwa wakifagia walijitahidi kweli kweli wasicheke. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenye mwili wake wa kutosha, kuingia kwenye coupé ya milango miwili si mchezo. Aliwasikia. Hakuwajali. Alikuwa na tochi mkononi, na muda wenyewe haukuwa mwingi.

Motokari ilikuwa nzuri, tusidanganyane. Nyekundu, ya chini, viti vya kuzama, aina ile ambayo vijana wa Kolwezi wanaiweka kwenye simu zao, na baba zao wakiiona wanauliza gunia la unga litakaa wapi. Mwenye nayo hakuwa mbali. Mechack Kalala, miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa migodi, alikuwa nyuma ya mlango wa chuma hatua thelathini kutoka hapo, tangu Jumamosi saa tisa ya alasiri.

Kesi ilionekana nyepesi. Jumapili tarehe nne Mei, kwenye barabara ya Mutshatsha, coupé nyekundu ilimgonga Tata Stany Mukuna, mzee muuza makala, yaani mkaa, akiwa juu ya baiskeli yake na magunia mawili. Motokari haikusimama. Tata Stany alivunjika mguu mahali pawili, na mpaka leo alikuwa hospitalini, mguu umening'inizwa kwa kamba. Coupé nyekundu Kolwezi nzima ilijulikana moja tu. Jumamosi polisi wa barabarani waliisimamisha, wakaona taa ya mbele ya kulia ni mpya na ya kushoto ni ya zamani, wakaomba karatasi. Hati ya mauzo ilisema Mechack aliinunua tarehe ishirini na nane Aprili. Siku sita kabla ya ajali. Basi, nani mwingine?

Saa arobaini na nane za sheria zingeisha leo saa tisa ya alasiri. Kabla ya hapo Inspekta alipaswa ama kumwachilia kijana, ama kumpeleka kwa mwendesha mashtaka pamoja na faili. Na faili ilivyokuwa, ikifika kule, kijana angeingia gerezani. Mitihani yake ilikuwa inaanza wiki ijayo.

Agnès Mbuyu alimulika mara ya mwisho skrubu za usukani, mpya kuliko gari lenyewe, akatoka ndani ya motokari, akajipangusa magoti, akaagiza kijana aletwe.

Mechack aliketi kwenye ukingo wa kiti. Alikuwa na shati jeupe lililokunjamana na macho ya mtu ambaye hajalala.

"Mechack, tarehe ine ya mwezi wa tano ulikuwa wapi?"

"Ku kanisa, mama. Siku ya Mungu nzima."

"Na motokari ilikuwa wapi?"

Kijana akatazama sakafu. "Sikumbuki, mama."

"Mutu ananunua motokari ya namna hii, siku sita tu, anasahau alikoilaza?"

Mechack akaanza kunyoosha mikunjo ya shati lake.

"Hii taa mupya, nani aliiweka?"

"Niliikuta vile, mama."

"Na volant, nani aliigeuza?" akauliza, mikono hewani kama anashika usukani.

Mechack aliinua kichwa. "Kugeuza namna gani? Niliikuta ku kushoto. Louis mwenye kuniuzisha alisema ni bahati, kwa sababu zingine zote ziko ku kuume."

"Uliinunua siku gani?"

"Tarehe makumi mbili na munane ya mwezi wa ine." Hilo alilitoa upesi, kama mwanafunzi anayesoma alichokariri.

Inspekta aliweka kalamu ya risasi chini. Tangu Jumamosi alikuwa ameona jambo hilo hilo. Kila swali lilimkwamisha kijana, isipokuwa hili. Tarehe hiyo ilikuwa inamfunga yeye mwenyewe, lakini aliikumbatia kwa mikono miwili.

"Motokari imekufurahisha?" akauliza polepole.

Mechack karibu acheke, lakini kicheko kikamshinda. "Mama, tangu niliipataka silali. Inakunywa essence mpaka naona haya kupita ku station. Iko na makelele chini ya tableau, upande wa kuume. Ku shimo kila moja ninasema, leo imevunjika. Banafunzi wenzangu banasema niko na mambo ya uchawi, mutoto wa mama muuza samaki anatoa wapi motokari ya sport? Nimeosha mchanga wa shaba vacances tatu nzima, masomo yakifungwa, mama, mikono yangu hii. Lakini nani atasadiki?"

"Mama yako alisadiki?"

"Alikuwa hajui. Amejua siku ya posho, siku ile mulinikamata, mulipomuita."

Mama huyo, Valérie, alikuwa kwenye benchi la baraza la nje tangu alfajiri, kitenge cha kanisa begani, Biblia mapajani. Hakuwa ameomba chochote isipokuwa ruhusa ya kukaa.

Inspekta alimrudisha kijana ndani, akarudi kwenye motokari. Kelele upande wa kulia, alisema. Akaingiza mkono chini ya dashibodi mbele ya kiti cha abiria, akapapasa, akakuta duara la mpira laini. Akalivuta. Ilikuwa soli ya malapa ya bluu, imekatwa mviringo na kugandishwa kwa gundi kuziba tundu. Tundu lenyewe lilikuwa na ukubwa wa nguzo ya usukani.

Akashusha tochi kwenye zulia. Mbele ya kiti cha abiria, zulia lilikuwa limechakaa pale kisigino kinapotua mtu akikanyaga breki, mpaka nyuzi zilionekana. Mbele ya kiti cha dereva zulia lilikuwa zima. Sasa nani amewahi kuona abiria akikanyaga breki miaka kumi? Usukani huu ulizaliwa kulia, na ulihamia kushoto juzi juzi tu.

Katika kisanduku cha mbele kulikuwa na kitana, risiti moja ya mafuta, na karatasi ya kanisa iliyokunjwa mara nne, tangazo la maombi ya mwezi Mei. Akaviweka vyote kwenye bahasha ya vielelezo na kwenda ofisini kusoma tena maelezo ya shahidi pekee.

Shahidi huyo alikuwa Asia, mke wa Swedi mwenye lori. Inspekta aliyasoma mara mbili. Kisha akachukua mkoba wake na kutoka kwa miguu, maana soko la Manika lilikuwa nyuma ya komisaria tu.

Asia alikuwa kwenye meza yake ya vitenge, akikunjua na kukunja. Alimkaribisha Inspekta kwa kiti, kwa maji, kwa habari za watoto, na haraka ya Inspekta isingemzuia hata moja ya hizo.

"Mama Asia, siku ile ya ajali ulisema ulikuwa ndani ya kamyo."

"Ndiyo, mama. Pneu ilipasuka. Bwana yangu alikuwa chini anabadilisha. Mi nilibaki juu."

"Juu upande gani?"

"Ku kiti yake yeye, ya dereva. Upande ule mwingine jua lilikuwa linanipiga."

Inspekta alichukua kitenge kimoja kilichokunjwa akakilaza mezani. "Hii ni kamyo yenu. Inaangalia Kolwezi, imesimama ku kando ya barabara, kuume. Volant yake iko kushoto, ni vile?"

"Kushoto. Ilitokaka Kinshasa."

"Basi weye uko hapa, upande wa katikati ya barabara." Akachukua kitenge cha pili, chekundu. "Motokari inatoka nyuma, inawapita. Onyesha ilipita wapi."

Asia alikisukuma kitenge chekundu kando ya kile cha kwanza, upande wa kushoto wa lori, kikagusana nacho. "Karibu hivi. Kidogo ikwangue mulango. Nilitazama chini nikamuona dereva, mukono moja unashika volant, mukono mwingine uko na simu. Nikasema, huyu ataua mutu. Sikumaliza, nikasikia kishindo ku mbele."

"Ulimuona uso?"

"Hapana. Mikono na magoti. Mi nilikuwa juu, yeye chini."

"Lakini volant uliiona."

"Kama ninavyoona hii meza. Ilikuwa hapa chini yangu."

Inspekta aliweka kidole juu ya kitenge chekundu, ubavu ule uliogusa lori. Ubavu wa kulia. Asia akatazama kidole, akatazama Inspekta, akapiga makofi mara moja.

"Eeh! Volant ilikuwa ku kuume!"

"Ilikuwa ku kuume."

"Sasa mbona hakuna aliyeniuliza? Lakini na mi pia, mama, mu Lualaba hii nani anaangalia volant iko upande gani? Zinatoka Zambia za kuume, zinatoka Kinshasa za kushoto, zote zinatutia vumbi."

Ndiyo hivyo. Mgeni angeliona jambo hilo siku ya kwanza. Watu wa Kolwezi, tumezoea, na mazoea yalikuwa karibu kumfunga mtu.

Inspekta alirudi barabarani akiwaza kwa mpango. Tarehe nne usukani ulikuwa kulia. Leo uko kushoto. Aliyeuhamisha katikati ya siku hizo alikuwa na sababu ya kuificha motokari, au alipata hasara tupu ya kuhamisha usukani wa gari la zamani. Lakini hati ilisema gari lilikuwa la Mechack wakati wote huo. Mwendesha mashtaka angesema kijana aliuhamisha mwenyewe. Alihitaji fundi. Na katika Kolwezi, fundi anayeziba matundu kwa soli za malapa alikuwa mmoja.

Akapanda pikipiki ya taxi-moto mpaka mtaa wa Kasulo.

Karakana ya Badibanga ilikuwa uani kwake, kati ya nyumba mbili ambazo chini yake watu walikuwa wamechimba madini mpaka hawakujua tena nani yuko chini ya nani. Fundi mwenyewe alikuwa mwembamba, miwani ya kuchomelea ikiwa juu ya paji la uso. Alipoona soli ya bluu mkononi mwa Inspekta alitabasamu kwa fahari, kisha akakumbuka ni polisi, tabasamu likarudi ndani.

"Hii ni yako, tata?"

"Inafanana na yangu."

"Coupé nyekundu. Ulihamisha volant siku gani?"

"Mama, mi siandikake. Motokari inaingia, motokari inatoka."

"Hata mwezi hukumbuki?"

"Ah, ile naikumbuka!" Badibanga aligeuka, akaonyesha ukuta wa mabati upande wa jirani. Nyuma yake kulikuwa na shimo pana lililozungushiwa kamba. "Ilikuwa hapa ndani siku jikoni ya jirani iliingia chini. Walikuwa banachimba, udongo ukakataa. Hakuna mutu alikufa, Mungu ni mukubwa, sufuria tu na bata tatu. Basi chef wa quartier akapiga kelele, batu bote batoe bitu byao, uwanja wangu utafuata. Na motokari haikuwa na volant hata moja! Ya kuume nimetoa, ya kushoto sijaweka. Tukaisukuma, batu makumi mbili, mpaka ku barabara."

Inspekta aliijua siku hiyo. Kolwezi nzima iliijua. Barua ya chef wa quartier, mkuu wa mtaa, ilikuwa bado imebandikwa kwenye kuta za Kasulo: Ijumaa, tarehe tisa Mei. Siku tano baada ya Tata Stany kuanguka na makala yake.

"Nani alikuletea hii motokari?"

Fundi akajikuna shingo.

"Tata Badibanga, kuna kijana atalala mu gereza leo. Na mwenye kupika hii supu yuko nje anakula."

"Louis," Badibanga akasema. "Commissionnaire wa Manika, dalali wa motokari, ule wa parasol ya manjano. Aliileta siku tatu mbele, udongo haujaanguka bado. Taa ya kuume ilikuwa imevunjika. Alisema aligonga mbuzi."

"Mbuzi wa kimo gani?"

"Sikuuliza, mama. Mu kazi hii, mutu akisema mbuzi, ni mbuzi."

"Na Mechack Kalala? Kijana murefu, mwanafunzi?"

"Simujui. Sijamuona hata siku moja."

Kisha Badibanga akatoa simu, kwa sababu kila mtu wa mtaa ule alikuwa na video ya siku ile na kila mtu alipenda kuionyesha. Vumbi, wanawake na magodoro vichwani, bata mmoja aliyeokoka. Halafu coupé nyekundu, dashibodi imefumuliwa, inasukumwa na umati, na mbele yake mtu mwenye shati la maua anarudi kinyumenyume akipunga mikono: "Motokari yangu! Batu ba Mungu, polepole na motokari yangu!"

Inspekta aliomba aitazame tena. Akaomba atumiwe.

Saa sita na nusu alikuwa chini ya mwavuli wa manjano. Louis alikuwa na motokari sita zilizooshwa, kiti cha plastiki, na sauti tamu ya mtu anayeishi kwa ulimi.

"Karibu, mama! Unatafuta ya familia?"

"Niko na moja tayari. Nyekundu. Uliiuzisha kwa Mechack Kalala."

"Ah, mutoto maskini. Nimesikia." Louis akatikisa kichwa kwa huzuni ya adabu. "Niliiuzisha mwezi wa ine. Nilimuambia, jina la Yesu, usiende mbio."

"Volant ilikuwa upande gani ulipoiuzisha?"

Louis alifikiri kidogo tu. "Kuume. Yeye njo aligeuza, kisha."

"Kwa fundi gani?"

"Nitajua wapi?"

Inspekta akawasha video na kumpa simu. Louis alitazama mpaka mwisho. Alipojisikia akipiga kelele, alitoa kitambaa na kujifuta shingo, lakini hakuangusha simu.

"Mama, commissionnaire anaita kila motokari yake. Hata hii ya bluu ni ya mutu wa Likasi, mi nasema yangu. Kijana alinituma niipeleke kwa Badibanga, yeye alikuwa ku masomo. Nilimusaidia tu."

"Na taa?"

"Taa alivunja yeye. Mi nilisema mbuzi kwa kumufichia haya."

"Basi unasema tarehe makumi mbili na munane ni ya kweli."

"Si mi ninasema, mama. Karatasi inasema. Muulize yeye mwenyewe." Sasa Louis alikuwa ametulia kabisa, mgongo kwenye kiti. "Atasema makumi mbili na munane. Leo na kesho."

Inspekta alimtazama. Kati ya yote aliyosikia tangu asubuhi, hilo ndilo lililomuudhi hasa. Muuzaji wa motokari anajuaje mahabusu atasema nini kesho?

"Njoo unisindikize ku komisaria, tata," akasema. "Hakuna mbali."

Saa saba na robo Louis alikuwa chumba cha pili na polisi mlangoni. Inspekta aliketi mezani kwake na kujihesabia alichokuwa nacho. Mikono ya dereva bila uso. Fundi asiyeandika. Video ambayo Louis alikuwa ameshaipatia maelezo. Upande wa pili, hati yenye saini mbili, na mnunuzi na muuzaji wote wanasema tarehe moja. Mwendesha mashtaka gani ataacha saini mbili afuate bata? Mtu mmoja tu aliweza kuivunja tarehe hiyo, na mtu huyo aliing'ang'ania.

Mtu anaogopa nini kuliko gereza?

Akamwaga bahasha ya vielelezo mezani. Kitana. Risiti. Karatasi ya kanisa. Asubuhi aliiona, hakuisoma, na sasa alijikasirikia kwa hilo. Akaikunjua. Siku ishirini na moja za kufunga na kuomba, tarehe moja mpaka ishirini na moja Mei. Chini yake masharti. Hakuna kula kabla ya jioni. Hakuna muziki wa dunia. Hakuna kununua kitu cha fahari wala kuweka saini ya biashara, mpaka kufunga kuishe. Na mwisho kabisa, kwa herufi nzito, kiongozi wa maombi ya vijana: Ndugu Mechack Kalala.

"Mutoto huyu," akasema Inspekta peke yake, "atanimaliza."

Akamwita. Akamwekea ile karatasi mbele, akaigeuza ili aisome vizuri. Mechack aliisoma, ingawa hakuhitaji, na masikio yake yakabadilika rangi.

"Volant ilihamishwa kisha ya ajali," Inspekta akasema. "Tarehe tisa ya mwezi wa tano motokari hii ilikuwa mu Kasulo, haina hata volant, na Louis anaiita yake. Ulipoiona mara ya kwanza volant ilikuwa kushoto, uliniambia mwenyewe asubuhi. Basi hukuinunua mwezi wa ine. Ulinunua kati ya kufunga. Na Louis anajua huwezi kusema."

Mechack akaanza kuikunja karatasi tena, mara nne.

"Alikuomba muandike tarehe ya uongo?"

"Hapana, mama." Sauti ilikuwa ndogo. "Mi njo nilimuomba, mi mwenyewe. Nilisema, tata, andika mwezi wa ine, mbele ya kufunga. Juu karatasi ya motokari ikionekana, nisiaibike ku kanisa. Alifurahi sana. Alinikumbatia. Nilisema mu roho, mutu muzuri namna gani huyu."

Jamani. Louis alikuwa na motokari yenye damu mikononi, hajui ataiondoa vipi, na mnunuzi anakuja mwenyewe kumwomba, tafadhali, ajali hii iandike kwa jina langu.

"Basi tunaandika upya," Inspekta akasema. "Unasema kweli, unasaini, Louis anakaa hapa, weye unaenda ku mitihani. Lakini mutu akibadilisha maneno kisha ya siku mbili, kule juu watasema nilikulazimisha. Nataka mutu wa jamaa asikie kwa masikio yake na asaini chini yako."

Mechack alielewa kabla hajamaliza. "Mwingine, mama. Si yeye."

"Ku banc kule inje hakuna mwingine."

"Yeye ni mama wa maombi. Bamama bote wanamutazama. Mama, afazali..."

"Afazali gereza?"

Kijana alifunika uso kwa mikono. Inspekta hakumharakisha. Aliinuka, akafungua mlango, akamwita Mama Valérie, akampa kiti chake mwenyewe. Mama aliketi wima, Biblia mapajani. Harufu ya samaki wa chumvi iliingia naye, na aliomba msamaha kwa hilo.

"Sema, Mechack," Inspekta akasema, kalamu tayari. "Motokari ulinunua siku gani?"

Nje malori ya madini yalipita moja, mawili, matatu.

"Tarehe kumi na sita ya mwezi wa tano," Mechack akasema. "Siku ya tano, Ijumaa. Saa sita ya mchana, kwa Louis. Tuliandika makumi mbili na munane ya mwezi wa ine, ni mi nilitaka."

Inspekta aliandika, akamsomea, akampa asaini. Alisaini. Kisha karatasi ikasukumwa mbele ya mama.

Mama Valérie hakuichukua kalamu. Alikuwa anaitazama tarehe.

"Kumi na sita," akasema. "Ile magaribi weye njo ulituongoza."

"Ndiyo, mama."

"Ulipiga magoti ku mbele. Ulilia mpaka shati ikalowa. Bamama bote wakalia, na mi nililia. Pasta akasema, Roho ameshuka juu ya mutoto wa Valérie. Nilienda nyumbani ninaimba mu barabara." Akaweka kidole juu ya tarehe. "Ulikuwa unalia nini, Mechack?"

Mechack alijaribu kumtazama, akashindwa, akajaribu tena.

"Nilikuwa naogopa, mama. Nilikuwa nimeacha motokari nyuma ya kanisa, na sikujua nitaipeleka wapi."

Inspekta Mbuyu, ambaye ameona watu wakikiri wizi na vifo katika chumba hicho, alijikuta akipanga makaratasi ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. Halafu mama akaivuta karatasi kwake, akauliza aandike wapi, akaandika jina lake lote, herufi moja moja, chini ya jina la mwanawe.